Tawasifu ya Tendulkar: pale aliposema na pale aliponyamaza

Playing It My Way, aliyoandika Sachin Tendulkar, mpigaji wa kriketi wa India, pamoja na mwandishi Boria Majumdar, ilitoka Novemba 2014, mwaka mmoja baada ya Tendulkar kustaafu na kuagwa katika uwanja wa Wankhede, Mumbai. Ni kitabu kinene kinachofuata mechi baada ya mechi, na hapo ndipo kinapochosha: alama za mikimbio zinapatikana kokote. Kinunue kwa ajili ya sura chache.

Anza na Multan, Pakistan, Machi 2004. Tendulkar ana mikimbio 194, na nahodha wa muda Rahul Dravid anafunga ingizo la India, yaani anaikatiza zamu yao ya kupiga. Mwenyewe anaeleza hatua kwa hatua. Mpango wa wakati wa chai ulikuwa kuwapa Pakistan ova 15 (kila ova ni mipira sita) za kupiga jioni ile. Mchezaji wa akiba Ramesh Powar akaingia uwanjani na ujumbe wa kuongeza kasi, Yuvraj Singh akatolewa, wakaitwa ndani zikiwa zimebaki ova 16. Ova moja tu zaidi ya mpango, naye kabakiza mikimbio 6 kufika 200. Alimwambia Dravid kwamba uwanjani hakitaharibika kitu, lakini nje ya uwanja aachwe peke yake kwa muda. Ukweli wa namna hii ndio unaoipa tawasifu uzito, kwa sababu una hesabu, una jina, na donge bado liko kooni.

Kuhusu nafsi yake hafichi pia. Bridgetown 1997, akiwa nahodha dhidi ya West Indies, India ilitafuta mikimbio 120 ikaishia 81. Alijifungia chumbani siku mbili. Kombe la Dunia 2003 aliwapiga Sri Lanka 97 huku tumbo linamsokota, ameweka karatasi za chooni ndani ya nguo.

Kalamu inalegea ikifika kwa wenzake na kwa wakubwa wa mchezo. Kashfa ya upangaji matokeo ya mwaka 2000 imepitiwa mbiombio mno, ilhali alikuwa ndani ya timu muda wote. Anayeshambuliwa waziwazi ni Greg Chappell, kocha mgeni aliyekwisha kuondoka: eti alimfuata nyumbani kabla ya Kombe la 2007 akitaka amrithi Dravid unahodha. Chappell alikanusha. Unapomsoma Tendulkar, kumbuka alikuwa ametoka kupewa Bharat Ratna, nishani ya juu kabisa ya kiraia India, na bado alikuwa mbunge wa kuteuliwa wa Rajya Sabha, baraza la juu la bunge. Mtu wa cheo hicho ana mengi ya kulinda.

Sura ya Sydney 2008, India dhidi ya Australia, isomwe pamoja na kitabu cha Adam Gilchrist, mchezaji wa Australia. Harbhajan Singh wa India alifungiwa mechi 3 kwa madai ya kumwita Andrew Symonds wa Australia nyani. Jaji John Hansen akaiondoa adhabu kwenye rufaa, ikabaki faini ya nusu ya malipo ya mechi. Tendulkar anashikilia alichosikia ni tusi la Kihindi la kumtaja mama. Gilchrist alikuwa ameutilia shaka ushahidi huo tangu 2008. Soma wote wawili kabla ya kuamua.

Msomaji wa Kenya asiruke Bristol, Mei 1999, India dhidi ya Kenya kwenye Kombe la Dunia. Siku chache baada ya kumzika baba yake Mumbai, Tendulkar alirudi Uingereza akawapiga kina Thomas Odoyo na Steve Tikolo mikimbio 140 kwa mipira 101, hakutolewa, akainua macho mbinguni. Sehemu hiyo haina cha kulinda wala cha kuficha.