Lehemu safi, seli mbovu, na jibu lisilo na adabu

Sikukusudia kuandika chochote kuhusu fundi huyu anayeunganisha betri kwa oda, kwa kuwa nilidhani tatizo letu lingekwisha kwa barua moja ya heshima. Jibu alilonipa ndilo lililonifanya nibadili nia.

Miezi kadhaa iliyopita niliagiza kwake pakiti mbili za lipo (betri za lithiamu-polima), kila moja ikiwa na seli nne, kwa ajili ya roboti yangu ndogo ya mapambano yenye bapa la chuma linalozunguka. Sikununua pakiti zilizokwisha kutengenezwa kwa sababu nafasi iliyobaki ndani ya bodi ya roboti ni finyu na ina umbo la ajabu, na yeye alikuwa ametangaza waziwazi kwamba anaunda pakiti kwa ajili ya roboti za mapambano. Msomaji ayashike maneno hayo, maana nitayarudia.

Nimpe haki yake kwanza. Kazi ya mikono yake ni safi kuliko yoyote niliyowahi kulipia: lehemu imeshika vizuri, waya ni nene na laini, nyaya za kusawazisha, ambazo chaja huzitumia kulinganisha volti za seli, zimepitishwa mahali ambapo haziwezi kusagwa na ukingo wa seli, na kati ya seli na seli kuna karatasi ya kuhami umeme. Aliyewahi kuona pakiti ikitobolewa na ncha ya skrubu ya roboti yake mwenyewe, baada ya pigo moja kubwa, anajua thamani ya uangalifu huo. Pakiti ya kwanza haijanisumbua hata kidogo.

Ya pili ndiyo iliyoniaibisha. Katikati ya pambano silaha ilianza kupoteza kasi, kidhibiti cha mota kikaona volti zimeshuka mno kikakata umeme, na roboti ikasimama mbele ya mpinzani ambaye hakuhitaji nafasi zaidi ya hiyo. Nilipoitoa betri, upande wake mmoja ulikuwa wa moto kuliko mwingine. Niliiacha ipoe kabisa, kisha nikaiunganisha na chaja kwa ajili ya kupima tu, bila kuichaji. Seli tatu zilionyesha ukinzani wa ndani, yaani kiasi ambacho seli yenyewe huzuia umeme wake, wa miliomu 4 hivi (miliomu ni sehemu ya elfu ya omu). Ya nne ilionyesha 13.

Silaha yangu inapoanza kuzunguka huvuta takriban ampea 60. Kwa mkondo huo, kila seli nzima hupoteza volti 0.24 ndani yake na kutoa joto la wati 14, ilhali ile ya nne hupoteza karibu volti 0.8 na kujipika kwa wati 47, tena imebanwa katikati ya wenzake isikoweza kupoa. Kuchaji kwa kusawazisha hakuponyi ugonjwa huo, kwa sababu kusawazisha hulinganisha volti tu ili seli zote zifike 4.2 kwa pamoja. Seli mbovu hufika 4.2 kama nyingine, ikaonekana nzima mezani, kisha ikakusaliti ulingoni.

Nilimwandikia nikimwita ndugu fundi, nikaambatisha picha ya vipimo, na nikaomba abadilishe pakiti hiyo moja tu. Jibu lake lilikuwa: «Kijana, chaja yako ni ya bei rahisi na huijui. Roboti za kupigana huharibu betri, hilo si kosa langu.» Kuhusu picha hakusema neno.

Yaani mtu atangaze pakiti za roboti za mapambano, apokee fedha, kisha anilaumu kwa kupambana! Na chaja hiyohiyo ya bei rahisi ndiyo iliyopima seli tatu za pakiti ileile zikawa sawa, pamoja na zote nne za pakiti ya kwanza. Ninachaji kwa ampea 1.3 kwa pakiti ya miliampea-saa 1300, ingawa lebo inaruhusu mara kadhaa ya hapo. Waya wa kusawazisha huwa umechomekwa kila mara. Pakiti hulala ndani ya mfuko unaostahimili moto, juu ya vigae, nami sitoki chumbani. Mashindano yakiisha, huzirudisha kwenye volti 3.8 kwa seli kabla ya kuzihifadhi. Lebo hiyohiyo inadai 120C, yaani kwamba pakiti inaweza kutoa mkondo wa mara 120 ya uwezo wake wa ampea-saa 1.3, sawa na ampea 156, kiwango ambacho kingeipotezea seli ile ya miliomu 13 volti 2 nzima ndani yake.

Nakubali kwamba seli dhaifu inaweza kutoka kiwandani ikiwa hivyo, wala simshutumu kwa kuitengeneza. Ninachomshutumu ni kutoipima kabla ya kuilehemu. Kuchagua seli zinazolingana ndiyo kazi yenyewe ya kuunda pakiti; lehemu ni hatua inayofuata. Siku chache baadaye seli hiyo ilivimba, nikaitoa pakiti nje ndani ya sanduku la chuma, nikaimaliza chaji polepole kwa balbu, na kuipeleka inakokusanywa betri chakavu. Ingevimba wakati inachajiwa, nisingekuwa naandika kwa utulivu huu.

Nilikuwa nimeamua kutoa nyota tatu na kusema kwamba anayehitaji umbo lisilopatikana dukani bado aagize kwake, mradi adai vipimo vya kila seli kwa maandishi kabla ya kulipa. Ushauri wa kudai vipimo unabaki, kwake na kwa fundi mwingine yeyote. Lakini nimeisoma tena barua yake, na lile neno «kijana» limenichoma upya. Nilimtumia picha ya kuvimba pia, maana huenda wateja wengine wana seli za shehena hiyohiyo, naye hakujibu kabisa. Kwa hiyo ni nyota moja, na hiyo ni ya lehemu.