Programu ipi uchukue kama unaandika nota za piano zinazovuka stafu

Muziki wa piano huandikwa kwenye stafu mbili (kila moja ni mistari mitano ya kuwekea nota), lakini si lazima kila mkono ubaki kwenye stafu yake. Kwa hiyo kabla hujalipia programu yoyote ya kuandikia muziki, ijaribu kwa kipimo kimoja tu.

Andika nota nane zinazopanda: do, sol, do ya kati, mi, halafu sol, do, mi, sol. Nne za kwanza ni za mkono wa kushoto, nne za mwisho ni za kulia. Do na sol za mwanzo zikae stafu ya chini. Do ya kati na mi zinasomeka vizuri zaidi stafu ya juu, ingawa mkono ni uleule wa kushoto. Mpigaji atajuaje? Ataangalia ufito, yaani mstari mnene unaounganisha mashina, vile vijiti vya nota. Nota nne za kushoto hufungwa kwa ufito mmoja unaopita katikati ya stafu mbili, mashina ya chini yakipanda na ya juu yakishuka kuukuta. Zile za kulia hupewa ufito wao, mashina yakielekea juu. Pakibaki shaka, ongeza m.s. kwa kushoto au m.d. kwa kulia (Wafaransa huandika m.g. kwa kushoto). Stafu haitaji mkono; mashina na ufito ndivyo vinavyoutaja.

Hapo ndipo programu zinapoachana. Nota iliyovuka inatakiwa ionekane juu lakini iendelee kuhesabiwa katika sauti ya chini, yaani mfululizo wa nota wa stafu ya chini. Niliwahi kuburuta nota kwa kipanya kurasa kadhaa hadi zikakaa nilipotaka. Siku nilipobadilisha ukubwa wa karatasi, zote zikaning'inia hewani, na nikaanza upya.

Naiweka Dorico nafasi ya kwanza. Chagua nota, bonyeza N ivuke kwenda stafu ya juu, au M ishuke ya chini. Ukitumia Alt+N au Alt+M, nota inahama moja kwa moja na kuwa mali ya stafu mpya. Kutenganisha kuvuka na kuhama namna hiyo ndiko kunakonifanya niipende kuliko nyingine, kwa sababu mwandishi wa piano huvihitaji vyote viwili, mara nyingine katika ukurasa mmoja. Toleo la Pro ni la kulipia. Anza na SE, ambalo ni la bure, ufanyie jaribio la nota nane.

MuseScore Studio inaifuata kwa karibu sana, na kwa mwanafunzi naiweka mbele kwa sababu ni bure kabisa. Ctrl+Shift na mshale wa juu au wa chini huvusha nota, na ufito hujipanga wenyewe katikati. Alama ya kunyamaza ikibaki inagongana na nota zilizovuka, ichague na ubonyeze V ifichike. Udhaifu wake ni nota zinazopigwa pamoja kwenye shina moja: huwezi kuvusha moja na kuacha nyingine, zote huenda. Inabidi uzigawe katika sauti mbili. Kama unaandika muziki mzito wa piano, utakutana na tatizo hili mapema.

LilyPond nayo ni bure, ila hakuna kuburuta chochote. Unaandika maneno, yenyewe inachora. Ukiipa stafu ya juu jina "juu", unaandika \change Staff = "juu" pale sauti inapovuka, basi. Ukiongeza \showStaffSwitch, inachora mstari unaoonyesha sauti ilikoelekea, jambo linalomsaidia sana msomaji wakati hakuna ufito wa kuunganisha. Jihadhari na \autoChange: hugawa nota kwa kufuata kimo, na kimo hakijui mkono. Kwa mtu mwenye subira ya kuandika msimbo, kazi inayotoka inapendeza mno. Asiye na subira hiyo asijilazimishe.

Sibelius naiweka ya nne. Inavusha nota vizuri kwa Ctrl+Shift na mishale, na kama wenzako wote wanaitumia, ichukue ili mbadilishane faili bila usumbufu. Kwa piano peke yake sioni sababu ya kuilipia wakati MuseScore ipo.

Finale usiitafute. MakeMusic, watengenezaji wake, walitangaza tarehe 26 Agosti 2024 kwamba wanaacha kuiendeleza, baada ya miaka 35. Kama una faili zake za zamani, zitoe sasa kwa MusicXML, aina ya faili inayosomwa na programu nyingine, Finale ingali inafunguka kwenye kompyuta yako, kisha upitie kimoja kimoja vipimo vya muziki (vigawanyo kati ya mistari ya wima) vyenye nota zilizovuka: tazama ufito kwanza, halafu mashina.