Siku hizi mkufu nauangalia kisogoni kwanza

Mwaka jana nilijitia wazimu wa mikufu. Ndani ya mwezi mmoja niliagiza mitatu, yote kwa kutazama picha mtandaoni, na yote nimeivaa kweli: kazini, harusini, siku za kawaida, hata kulala nayo. Wa kwanza ni seti ya cheni tatu za kuvaliwa pamoja, zimechovywa dhahabu. Wa pili ni cheni bapa ya chuma kisichoshika kutu, ile inayolala shingoni kama utepe. Wa tatu ni uzi wa lulu za maji baridi, yaani za mitoni na maziwani, si za baharini. Nausimulia kila mmoja ulivyonitendea.

Seti ya cheni tatu ndiyo niliyoipenda zaidi kwenye picha na ndiyo iliyoniudhi zaidi mwilini. Pale kwenye picha zilikuwa zimepangana kama ngazi, moja juu ya nyingine, kila moja na nafasi yake. Kwangu zilijirundika zote chini ya koo kama kamba ya kuchotea maji. Nikadhani nina shingo mbaya! Nilipochukua futi ya fundi cherehani nikazipima, nikakuta ni sentimita 38, 40 na 43. Sentimita mbili tatu hazitoshi kuzitenganisha kitu. Kwangu mimi zinaanza kuonekana tatu zikiachana angalau sentimita tano, mfano 40, 45 na 52.

Urefu ndio ambao wengi tunaupita haraka tunaponunua. Kwa shingo ya wastani, mkufu wa sentimita 35 hadi 40 unaibana shingo au kukaa chini kidogo ya koo, wa 45 unafika kwenye mitulinga, wa 50 hadi 60 unashuka juu ya kifua, na kuanzia 70 unaning'inia juu ya nguo. Lakini shingo hazilingani, na mwanamitindo wa kwenye picha si wewe. Siku hizi, kabla sijaagiza, nakata uzi wa kushonea wa urefu ulioandikwa, naufunga shingoni, nasimama mbele ya kioo na nguo ninayotaka kuivalia. Dakika mbili tu. Uzi umeshaniokoa na mikufu miwili ambayo ingeishia droo.

Kero ya pili ya seti ile ni kusukana. Asubuhi cheni tatu, saa sita mchana kamba moja. Zilikuwa na unene uleule na, hata ile yenye kidani, karibu uzito uleule, kwa hiyo hakuna iliyokuwa na sababu ya kukaa mahali pake. Zinatulia ukichanganya: nyembamba juu, nene kidogo katikati, na ile ndefu iwe na kidani chenye uzito wa kuivuta chini.

Rangi nayo. Wiki ya sita hivi, mwenzangu mmoja aliniuliza nyuma ya shingo nimepaka nini. Kulikuwa na mstari wa kijani. Mbele cheni ilikuwa bado inang'aa, lakini kisogoni, pale kifungo kinaposuguana na ngozi, nywele, jasho na mafuta, dhahabu ilikuwa imekwisha na shaba ya ndani imechungulia. Kijani kile si uchafu wala si sumu ya kukutia hofu. Ni shaba imekutana na jasho ikatoa chumvi yake, na ukinawa kwa sabuni inatoka. Tangu siku hiyo nikishika mkufu naugeuza nyuma kwanza. Kifungo na kile kipande cha cheni cha sentimita tano cha kuongezea urefu ndiko mtengenezaji anakobania, na ndiko mkufu unakoanza kufa.

Hapa muuzaji nina neno naye, ingawa jina lake nalihifadhi. Tangazo liliandikwa "18K" kwa herufi kubwa, na "imechovywa" kwa herufi za kutafutia miwani. 18K maana yake ni dhahabu sehemu 18 kati ya 24, yaani asilimia 75. Kwenye kitu cha kuchovya, namba hiyo inaeleza ubora wa ile ngozi ya juu tu, haisemi ngozi ina unene gani. Unene unapimwa kwa mikroni, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita, na mikufu mingi ya fasheni haifikishi hata nusu mikroni. Ile inayoitwa "vermeil" ni kitu kingine: ndani ni fedha halisi, na kwa kanuni za Marekani dhahabu yake isipungue mikroni 2.5. Kwa hiyo maswali yangu kwa muuzaji sasa ni mawili, ndani ni madini gani na dhahabu ina mikroni ngapi. Akijibu "ni original dada, haichuji," naaga.

Nisisahau mdogo wangu. Aliuazima mkufu huohuo siku moja, akarudi na vipele na mwasho shingo nzima. Mimi haukuwahi kuniwasha. Yeye ngozi yake haipatani na nikeli, madini ambayo huchanganywa sana kwenye vito vya bei rahisi, na Umoja wa Ulaya umeiwekea kiwango kwenye vito vinavyogusa ngozi. Kama hereni za kawaida zinakuwasha masikio, usitegemee shingo itakuwa na huruma. Ushauri wa kupaka rangi ya kucha isiyo na rangi juu ya kifungo, ili nikeli isiguse ngozi, tuliujaribu. Ilisaidia kwa siku chache, ikabanduka.

Cheni bapa ya chuma ni hadithi tofauti kabisa. Nimeoga nayo, nimetoka nayo jasho, nimeipulizia marashi bila kufikiri, na rangi yake ni ileile ya siku ya kwanza. Ndugu yule wa vipele anaivaa bila shida, maana chuma cha aina hii, hata kikiwa na nikeli, kinaishikilia ndani na kuitoa kidogo mno. Kwa mtu mvivu wa kuvua vito, sijaona cha kukishinda.

Ila nililala nayo. Asubuhi nikakuta imejikunja upande wa kushoto, kijistari kidogo tu kama kona ya karatasi. Nikaibonyeza kwa vidole, nikaiweka chini ya vitabu, haikurudi. Nikaipeleka kwa sonara, akaigeuza mara mbili akacheka. "Dada, cheni ya namna hii ikishakunjika ndiyo basi. Hii haikunjwi, haitundikwi kidani, inalazwa kama ilivyo." Laiti angekuwepo siku naagiza. Bado naivaa, kijistari nakificha chini ya nywele.

Lulu niliziogopa kidogo, nikiziona ni za mabibi. Ajabu ni kwamba ndizo nimezivaa mara nyingi kuliko zote, tena juu ya fulana nyeupe ya shingo ya duara. Zilipofika nilizisugua taratibu kwenye meno, na nilisikia mikwaruzo kama ya mchanga laini. Za plastiki na za kioo huteleza. Lulu ni tabaka juu ya tabaka za madini yaleyale ya ganda la kome, na asidi huyala, kwa hiyo marashi, spirei ya nywele na hata jasho hupunguza mng'ao wake. Nazivaa nikishamaliza kila kitu, nikirudi nyumbani zinatangulia kutoka, nazifuta kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo. Sizitumbukizi majini, maana uzi wa hariri ukilowa unalegea.

Uzi huo ndio ulionifanya niamini pesa yangu haikupotea. Ulikatika nikiwa nashuka ngazi, nikafumba macho nikisubiri mvua ya lulu. Ilidondoka moja. Kati ya kila lulu na jirani yake kulikuwa na kifundo kidogo, karibu hakionekani, na vifundo vile vilizishika zote zilizobaki mahali pake. Sonara aliutunga upya kwa uzi mpya siku hiyohiyo. Ukiona uzi wa lulu usio na vifundo, jua ukikatika utapiga magoti sakafuni.

Kuhusu kuoanisha na nguo, sina mengi. Shingo ya V nayo inataka mkufu unaoshuka kwa V, nguo yenye kola au shingo ndefu inataka mrefu unaolala juu yake, na mabega wazi yanapendeza na kitu kifupi. Zile kanuni za umbo la uso, kwamba uso wa duara uvae hivi na uso mrefu vile, mimi nimeziacha. Nguo ndiyo inayoamua.

Kuhifadhi nilijifunza baada ya kupoteza jioni nzima nikifumua fundo. Kila cheni sasa ina kifuko chake cha plastiki cha kufunga, hewa nimeikamua, na kifungo nakiacha kichungulie nje ili cheni isijisokote. Ukisafiri, pitisha cheni nyembamba ndani ya mrija wa kunywea kisha uifunge. Fundo likishatokea, nyunyiza poda ya mtoto, fumua kwa sindano mbili juu ya sahani ya kioo, na usivute. Dawa ya mswaki usiiguse kwa kusafishia cheni ya kuchovya. Ina chembe za kusugua, na dhahabu yenyewe ni ngozi ya kitunguu.

Ile seti ya cheni tatu sikuitupa yote. Kidani chake, kijisarafu chenye nyota, kilikuwa kizuri kuliko cheni yake, nikamwomba sonara akihamishie kwenye cheni ya fedha ya 925, yaani fedha safi sehemu 925 kati ya 1000, yenye sentimita 50. Alikifungua kijipete kinachoshikilia kidani kwa kukipinda upande, si kwa kukitanua, kisha akakilehemu kabisa. Nimekivaa hapa ninapoandika, na kwa kuwa ni chepesi, kifungo kimeshazunguka tena kimekuja mbele.