Kimondo kielee angani: simu au kompyuta?
Tuseme unataka Kimondo cha Mbozi, chuma kinachokadiriwa kuwa na tani 12, kielee pichani juu ya mashamba ya viazi ya Uyole, Mbeya. Kwenye simu, programu ya kuhariri picha ya Picsart itakukatia kimondo chap, umeshatuma kwenye grupu. Ila kingo mara nyingi hubaki na vipande vya nyasi, na kidole ni kinene mno kuzisafisha.

GIMP, programu ya kuhariri picha kwenye kompyuta, ni ya bure, na ukishaisakinisha haili bando. Unaficha sehemu kwa barakoa ya tabaka (layer mask), yaani kifuniko cha tabaka moja la picha, bila kuifuta, hivyo ukikosea unairudisha. Kivuli kiweke kwenye tabaka lake: cheusi, kingo zimefifishwa, kimelala upande uleule wa vivuli vya matuta. Hapo ndipo jicho hudanganyika, lakini wengi huiruka hatua hii. Mimi nachagua kompyuta, hata ya kuazima.