Seti ya ovaflo ya mabomba matatu: kisanduku kinafaa, valvu yake ibadilishe

Anayefuga furu au samaki wengine wa mapambo na kutaka filta yake ikae chini kabatini, badala ya kuning'inia kwenye kioo, hatakosa kukutana na seti hii isiyo na chapa inayoagizwa mtandaoni. Ovaflo ni njia ya maji kushuka yenyewe kutoka tangini hadi sampu, yaani tangi dogo la chini lenye filta, ambako pampu huyarudisha juu. Ndani ya boksi kuna kisanduku chembamba cha akriliki nyeusi cha kukaa ndani ya tangi, kisanduku kipana zaidi cha kukaa nyuma ya kioo kwa nje, tanki konekta mbili za kuviunganisha kupitia kioo, konekta tatu za inchi 1 za kushushia mabomba, raba zake na bolu valvu moja.

Hukumu yetu iko wazi. Visanduku ni vizuri, na mpangilio wa mabomba matatu ni salama kuliko ule wa bomba moja. Valvu iliyomo haifai kusawazishia maji. Nunua geti valvu ya plastiki, ile inayofungwa kwa kuzungusha gurudumu, na uifunge mahali pake, la sivyo utakuwa na tangi linalokoroma usiku kucha na maji yanayopanda na kushuka kwenye kisanduku bila kutulia.

Sababu iko kwenye kazi ya kila bomba. Wafugaji wa nje huuita mpangilio huu BeanAnimal. Bomba la kwanza ni la saifoni: mdomo wake umezama, halivuti hewa, limejaa maji mwanzo hadi mwisho, ndiyo maana halipigi kelele. Hilo ndilo linalobeba karibu maji yote. La pili ni bomba la wazi, lina kitundu cha hewa juu na hupitisha utepe mwembamba tu wa maji unaoteleza kwenye ukuta wake. La tatu ni la dharura, mdomo wake uko juu kuliko yote na siku zote linapaswa kuwa kavu. Bomba la saifoni peke yake haliwezi kusawazishwa likatulia, kwa sababu hakuna valvu inayoweza kulingana na pampu kwa usahihi kamili. Likipitisha maji zaidi kidogo ya yanayoletwa na pampu, kisanduku kinakauka na bomba linaanza kufyonza hewa. Likipitisha pungufu kidogo, maji yanapanda mpaka yamwagike sakafuni. Bomba la wazi lipo ili kumeza tofauti hiyo ndogo.

Na tofauti hiyo hubadilika. Sponji ya pampu ikichafuka, mtiririko unapungua. Umeme ukishuka au kupanda, baadhi ya pampu hubadilika nguvu. Kwa hiyo usilenge bomba la wazi liwe kavu kabisa. Liachie maji kidogo, kiasi cha sehemu moja kati ya kumi au ishirini ya maji yote.

Turudi kwenye valvu. Bolu valvu hutoka wazi kabisa hadi kufungwa kabisa kwa robo mzunguko. Chukua tangi la sentimita 120 kwa 40 kwa 50, yaani lita 240. Kwa maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, inatosha pampu ipitishe ujazo wa tangi mara tano kwa saa, sawa na lita 1,200. Bomba la plastiki la milimita 32, likiwa na mteremko wa sentimita 80 na elbo mbili, linaweza kupitisha karibu lita 4,000 kwa saa likiwa saifoni kamili. Maana yake valvu itafanya kazi ikiwa imefungwa sehemu kubwa, na hapo ndipo kusogeza mpini kwa upana wa kucha kunabadilisha mamia ya lita. Geti valvu huzungushwa mara kadhaa kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, kwa hiyo robo ya mzunguko inakuwa badiliko dogo unaloweza kulipima.

Kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi mjini Mwanza utapewa haraka geti valvu ya shaba yenye gurudumu jekundu. Usiichukue. Maji ya Ziwa Victoria ni laini, na maji laini huyeyusha shaba kwa urahisi zaidi kuliko maji magumu. Konokono na kamba wadogo ndio wa kwanza kudhurika. Tena ni nzito: ikining'inia kwenye bomba la plastiki lisilofungwa ukutani, inavuta viungo hadi konekta ianze kuvuja. Itakayokufaa ni ya PVC, yenye yunioni (viungo vya kufungua kwa mkono) pande zote mbili ili uweze kuifungua na kuisafisha bila kukata bomba. Ni ghali kuliko bolu valvu, na hapo ndipo pesa inapostahili kwenda. Ifunge chini, karibu na sampu, mahali mkono unapofika bila kupiga magoti nyuma ya kabati.

Kosa la pili la seti hii ni vipimo, na linawasumbua mafundi wengi wazuri. Konekta zilizotengenezwa kwa vipimo vya Kimarekani hupokea bomba lenye kipenyo cha nje cha milimita 33.4, ilhali bomba linaloitwa inchi 1 madukani kwetu mara nyingi ni la milimita 32. Pengo la milimita 1.4 halizibwi na gundi, hata uimwage kopo zima. Nyuzi nazo zina mtego wake: za Kiingereza tulizozizoea zina nyuzi 11 kwa inchi, za Kimarekani 11 na nusu. Zinashika mizunguko miwili mitatu, kisha zinakwama, na fundi anayelazimisha kwa spana anapasua konekta. Beba konekta zako dukani na ujaribishe bomba kavu kabla ya kulipa. Visipooana, nunua konekta tatu za hapa hapa, mradi mashimo ya kisanduku yazipokee.

Kwa tangi la lita 240 tunashauri bomba la saifoni lipunguzwe hadi inchi ¾ mara tu baada ya konekta. Bado litapitisha zaidi ya lita 2,000 kwa saa. Maji yatakwenda kwa kasi zaidi ndani yake, hewa itasukumwa nje mapema pampu inapowaka, na valvu haitahitaji kubanwa sana. Bomba la wazi na la dharura yaache ya inchi 1. Hayo hayapunguzwi kamwe.

Kuhusu kutoboa kioo, maneno machache. Tumia msumeno wa shimo wa almasi, maji yakitiririka muda wote, bila kukandamiza. Acha umbali usiopungua kipenyo cha shimo kutoka ukingo wa kioo. Kioo kilichokazwa kwa moto, kile kinachovunjika vipande vidogo vidogo, hakitobolewi. Hakikisha kwanza na aliyekutengenezea tangi.

Kisanduku cha ndani kiwekwe kwa pima maji, na kabati lisawazishwe kabla ya kumwaga hata ndoo moja. Nyumba nyingi za Mwanza zimepanda vilima na kukalia miamba, na sakafu ya sebule inaweza kuonekana sawa na isiwe sawa. Kizingiti chenye meno, yaani ukingo wa kisanduku hicho ambao maji huuvuka, kikiinama milimita tatu tu, maji mengi yatapita upande mmoja na ule utando wa mafuta juu ya maji unaweza kubaki upande wa pili. Kwa lita 1,200 kwa saa, maji husimama juu ya kizingiti cha sentimita 20 kwa kina cha sentimita moja hadi moja na nusu. Kina hicho kikumbuke, kitarudi tutakapofika kwenye kukatika kwa umeme.

Ndani ya kisanduku cha nje, urefu wa midomo ya mabomba ndio moyo wa mfumo. Anza na mdomo wa bomba la wazi, kwa kuwa ndio unaoamua maji yatasimama wapi. Mdomo wa saifoni uwe chini yake kwa sentimita 3 hadi 5, na elbo yake itazame chini. Mpira mwembamba wa hewa, unaochomekwa kwenye kile kitundu cha bomba la wazi, uishie sentimita 1.5 juu ya mdomo wake. Mdomo wa dharura uwe sentimita 2.5 juu ya mdomo wa wazi, na ukingo wa kisanduku ubaki juu zaidi ya hapo kwa sentimita mbili au tatu. Mpira wa hewa ni kitu kidogo chenye kazi kubwa: saifoni ikiziba, maji yanapanda, yanauzamisha, bomba la wazi linakosa hewa na kugeuka saifoni lenyewe. Ukiuacha mrefu mno, juu ya mdomo wa dharura, kinga hiyo ya katikati haipo.

Kule chini, mwisho wa bomba la saifoni uzame kwenye maji ya sampu kwa sentimita 2 au 3 tu. Wengi huuzamisha sana wakidhani kelele itapungua, kumbe hewa iliyonaswa ndani inashindwa kusukuma maji ya kina kirefu na saifoni haianzi.

Sasa kusawazisha. Fungua geti valvu yote, washa pampu, subiri dakika tano. Utasikia mkoromo, kwa sababu saifoni inakunywa zaidi ya inacholetewa. Funga robo mzunguko, subiri dakika tatu hadi tano, tazama kisanduku. Rudia. Subira hiyo si ya hiari: maji ya kisanduku huchukua muda kutafuta kimo chake, na anayefunga na kufungua kila nusu dakika huwa anafukuza maji ambayo bado hayajafika. Maji yatapanda taratibu mpaka yaguse mdomo wa bomba la wazi na utepe uanze kuteleza. Hapo acha. Likisikika likibubujika kwa nguvu, umefunga kupita kiasi. Fungua moja ya nane ya mzunguko. Kisha weka alama ya kalamu kwenye gurudumu na kwenye mwili wa valvu.

Usipunguze pampu kwa kukisia. Elekeza bomba la kurudisha maji kwenye ndoo uliyoitia alama ya lita 10 na uhesabu sekunde. Gawanya 36,000 kwa sekunde hizo, utapata lita kwa saa. Sekunde 30 ni lita 1,200. Namba iliyoandikwa kwenye boksi la pampu ni ya pampu isiyopandisha maji popote. Ikipandisha mita 1.2 inashuka sana.

Kabla ya kuingiza samaki, fanya majaribio mawili ukiwa na mkono kwenye swichi. Funga saifoni kabisa: bomba la wazi lazima ligeuke saifoni na kubeba maji yote. Kisha lizibe na hilo kwa kitambaa: bomba la dharura lazima lipokee kila kitu, bila tone kuvuka ukingo. Seti ikishindwa jaribio la pili, tatizo huwa ni urefu wa mdomo wa dharura au pampu kubwa kuliko mfumo.

Kukatika kwa umeme ndiko kunakoonyesha kama sampu ilipangwa vizuri. Pampu ikisimama, ule unene wa maji juu ya kizingiti unashuka wote, na bomba la kurudisha linageuka saifoni ya kurudi nyuma hadi mdomo wake utoke majini. Kwenye tangi letu la mfano, sentimita 1.5 juu ya kizingiti ni lita 7 na kidogo. Mdomo wa bomba la kurudisha ukiwa sentimita 3 chini ya kizingiti, ongeza lita 14 na nusu. Mabomba na kisanduku cha nje, weka lita 3. Jumla ni karibu lita 25, na kwenye sampu ya sentimita 80 kwa 35 hizo zinapandisha maji kwa karibu sentimita 9. Nafasi hiyo iachwe tupu siku zote. Usitegemee valvu ya kuzuia maji kurudi. Konokono mmoja mdogo akikaa kwenye mlango wake, haifungi. Pandisha mdomo wa bomba karibu na uso wa maji, na lita zile 14 zitapungua zenyewe. Zima na uwashe pampu mara tatu mfululizo: kila mara mkoromo uishe ndani ya dakika mbili bila kugusa valvu.

Kwa wafuga furu kuna jambo ambalo watengenezaji wa seti hawakulifikiria. Jike la furu hutunza mayai na vichanga mdomoni, na vichanga anapowatema ni wadogo kuliko nafasi za meno ya kizingiti. Watakwenda na maji hadi sampuni. Wavu usiuweke juu ya meno, maana samaki wakubwa hunasa mapezi na majani huuziba kwa siku moja. Bora kuweka kipande cha sponji yenye matundu makubwa ndani ya kisanduku cha ndani, nyuma ya meno, na kuikamua kila wiki. Ukiisahau, maji ya tangi yatapanda huku kisanduku cha nje kikionekana kitulivu kabisa, na mabomba yote matatu hayatakusaidia kwa sababu maji hayajayafikia.

Baada ya hapo kazi iliyobaki ni ndogo. Mara moja kwa mwezi fungua geti valvu yote kwa dakika moja ili uchafu uliokaa kwenye ulimi wake uondoke, kisha irudishe kwenye alama ya kalamu. Ikiwa alama ile ile haileti tena utepe ule ule, safisha pampu kwanza kabla ya kugusa valvu. Na kwa tangi la chini ya lita 100 acha seti hii: kisanduku kitakula nafasi ya kuogelea, na filta ya sponji yenye pampu ya hewa itafanya kazi hiyo vizuri.