Regulata na mpira wa gesi: ipi ununue, ipi uiache dukani

Mnunuzi wa jiko la gesi hukagua kioo, idadi ya plati na kiwashio. Regulata, kile kifaa cha mdomoni mwa mtungi kinachopunguza presha ya gesi, na mpira humwachia muuzaji: "Chukua hii, inaingia." Makosa huanzia hapo. Jiko jipya huvuja mara chache. Yanayovuja ni maungio kati ya mtungi na jiko. Fedha zikiwa chache, bana kwenye kioo, usibane kwenye vitu hivi viwili.

Kwanza ujue mdomo wa mtungi wako. Regulata za kubofya zipo za milimita 20, 22 na 27, na moja haishiki mahali pa nyingine hata ikionekana imekaa. Kwenye mitungi mingi ya kilo 6, regulata hufungwa kwa kuzungusha. Piga picha ya mdomo wa mtungi kabla ya kwenda dukani, au beba regulata ya zamani.

1. Regulata ya presha ndogo, yenye kinga ya mpira kuchomoka. Hii ndiyo chaguo letu la kwanza. Mwilini iwe imeandikwa 28–30 mbar (milibari, kipimo cha presha) au karibu na hapo. Ndani ina vali inayojifunga gesi ikitoka kwa kasi isiyo ya kawaida, mfano mpira ukichomoka au ukikatika. Isikulaze usingizi, maana uvujaji mdogo wa kwenye klipu inayobana mpira haiuoni kabisa.

2. Presha ndogo yenye geji. Wengi huinunua wakidhani geji inaonyesha gesi iliyobaki. Haionyeshi. Maadamu kuna gesi ya maji (gesi iliyoshindiliwa ikawa kimiminika) mtungini, presha hubaki vilevile, na mshale huanguka gesi inapokaribia kwisha. Ukitaka kujua kilichobaki, pima mtungi kwa mizani kisha utoe uzito wa mtungi mtupu ulioandikwa juu yake. Faida ya geji ni nyingine: funga plati zote, fungua gesi, funga tena, soma mshale, subiri dakika kumi. Ukiwa umeshuka, kuna mahali panavuja.

3. Presha ndogo ya kawaida. Inatosha, ilimradi ina alama ya ubora ya TBS kwa Tanzania au KEBS kwa Kenya, na swichi yake inageuka bila kulegalega.

Usinunue: regulata ya presha kubwa yenye kishikio cha kuongeza na kupunguza. Hizi ni za majiko makubwa ya mama lishe na hoteli. Jiko la nyumbani limetengenezwa kwa presha ndogo mno. Presha iliyomo mtungini huizidi zaidi ya mara mia. Ukiweka ya presha kubwa, moto huruka juu ya sufuria na vali za jiko huanza kupitisha gesi hata zikiwa zimefungwa. Fundi akikushauri kuichukua ili "moto uwe mkali", tafuta fundi mwingine.

Kwenye mpira hakuna haja ya orodha ndefu. Chukua wa raba maalumu ya gesi, mara nyingi wa rangi ya chungwa, kipenyo cha ndani milimita 8, wenye maandishi ya kiwango (BS 3212 au EN 16436) na mwaka wa kutengenezwa. Mita moja na nusu inatosha. Ukizidi hapo utajikunja nyuma ya jiko na kuungua. Wa waya wa chuma uliosukwa ni mzuri nyumba ikiwa na panya, ila huwezi kuona raba ya ndani inapochakaa. Mpira wa plastiki unaoonekana ndani, au kipande cha mpira wa bustani, ni hatari: gesi hunyonya kilainishi cha plastiki, nao hukakamaa na kupasuka kwenye mkunjo. Hata ule mzuri, ubadilishe baada ya miaka mitano, au mapema ukiukunja na kuona nyufa ndogo.

Nunua klipu mbili za skrubu. Waya wa kufungia hukata raba, na klipu iliyokazwa kupita kiasi hukata vilevile. Chovya ncha ya mpira kwenye maji ya moto, usukume hadi uingie sentimita mbili na nusu, ndipo ukaze. Usipake mafuta.

Sasa upimaji, ambao muuzaji hatakufanyia. Changanya kijiko kimoja cha sabuni ya maji na glasi ya maji. Gesi ikiwa wazi na plati zimefungwa, paka kwa brashi shingo ya mtungi, swichi ya regulata, ncha zote mbili za mpira, mpira wenyewe, na chini ya vifungo vya jiko. Povu linalokua ndilo jibu. Kiberiti hakina kazi katika kipimo hiki. Rudia kila unapobadilisha mtungi.

Povu likitoka kati ya regulata ya kubofya na mtungi, usikimbilie kununua regulata nyingine. Mara nyingi ni ile raba ndogo ya mviringo iliyomo ndani ya vali ya mtungi, imechanika au haipo. Huo ni ubovu wa mtungi; urudishe kwa aliyekuuzia. Kuzungushia tepu ya fundi bomba hakusaidii kitu.

Harufu ikitokea ghafla, funga gesi kwenye mtungi, zima moto wowote, fungua milango na madirisha. Usiwashe wala kuzima taa, feni au friji, kwani cheche hutokea pande zote mbili. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni na kujaa mahali pa chini, kwa hiyo mlango wa nje una maana kuliko dirisha la juu. Toeni watu wote, na simu ipigwe nje: Tanzania 114, Kenya 999 au 112. Kengele ya gesi, ukiinunua, ifungwe karibu sentimita 30 kutoka sakafuni, na iwe ya gesi ya mitungi. Ile ya kaboni monoksaidi haitaisikia.

Harufu inayotokea mtungi ukikaribia kwisha huweza kuwa ni ile dawa ya harufu inayobaki nyingi chini ya mtungi. Paka sabuni hata hivyo. Na usiulaze mtungi ili "kukamua" mabaki: gesi ya maji ikipita kwenye regulata, lita moja hugeuka karibu lita 250 za gesi jikoni.