Simba anaimba Kijerumani, na kinamkaa

Jamani ile Der König der Löwen (The Lion King ya jukwaani, ya kuimba kwa Kijerumani) ya Hamburg nendeni tu, ipo tangu 2001 na mi ndo nimeiona juzi. Unapanda boti pale Landungsbrücken, unavuka mto Elbe, unashuka kwenye thieta yenyewe. Wimbo wa kufungua unaanza na Kizulu kabla Kijerumani hakijaingia, Rafiki (yule nyani mganga, jukwaani ni mwanamke) akipaza sauti vinyweleo vinasimama, mara tembo wanapita katikati ya watu, kwa hiyo kateni siti za karibu na njia. Kijerumani changu cha kuungaunga nilishika nusu, ila ilipofika Hakuna Matata nikaimba kwa nguvu mpaka mama wa mbele akageuka kuniangalia, we mama hiyo lugha yetu bana!